Nguvu niliyoikosa nyumbani nimeikuta kwenye kikundi cha wagonjwa wa saratani ya titi. Inatoka wapi?

#1 MamaWawili_Tabata
Habari zenu wanajamvi.

Nina saratani ya titi tangu 2021. Nimekatwa titi la kushoto, nimewekewa dripu za kemo, dawa za kuua seli za saratani, nimepigwa mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na sasa nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni, kila siku. Nafanya kazi, nadeki mwenyewe, watoto wanaenda shule.

Nyumbani nilipendwa, sitaki mtu aseme nilitelekezwa. Mama alifunga nyumba yake Singida akaja kuniuguza, dada zangu walipokezana zamu, mume wangu aliuza pikipiki. Ila kila aliyeingia chumbani aliingia na uso wa msiba. Nikisema naogopa, naambiwa "usiseme hivyo, Mungu yupo". Nikinyamaza, naambiwa "usiwaze sana". Ikafika mahali mgonjwa ni mimi na mfariji ni mimi.

Baadaye nesi mmoja akanielekeza kwa kina mama wanaokutana Jumamosi. Nilienda shingo upande. Mama mmoja wa Mtwara, mtu mzima, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kovu lako umeshalitazama?" Nikamwambia bado. Akafungua vifungo vya blauzi palepale akanionyesha la kwake, akasema, "Mimi huu ni mwaka wa tisa." Jioni ile nilisimama mbele ya kioo kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, na usiku nikalala.

Wale ni watu baki. Hawanilishi wala hawanivishi. Wana nini ambacho ndugu zangu hawana? Naomba michango ya wenye uzoefu na wataalamu.

#2 Mpita_Njia
Pole sana dada. Naweka kambi hapa, shemeji yangu kapewa majibu juzi na nyumba nzima tumechanganyikiwa.

#3 Kaka_Sayansi
Hili limeshathibitishwa kitambo. Ulifanyika utafiti Marekani, wanawake wenye saratani ya titi waliohudhuria kikundi wakaishi karibu mara mbili ya wale ambao hawakuhudhuria. Kwa hiyo kikundi ni tiba kamili, ni vile hospitali zetu haziandiki kwenye cheti.

#4 Bi_Mkubwa_wa_Pangani
Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nyumbani ulikuwa unaficha, kule ukafichua. Ndiyo siri yenyewe, wala hakuna nyingine.

#5 Tabibu_Mstaafu
Naomba niweke sawa #3, kwa sababu kuna mgonjwa anaweza kuisoma akaacha dawa.

Utafiti unaousema ni wa David Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, ulichapishwa 1989. Ulikuwa na wanawake 86 ambao saratani ya titi ilikuwa imeshasambaa mwilini. Wa kikundini waliishi wastani wa miezi 36.6, wengine miezi 18.9. Ni kweli ulitikisa dunia. Lakini 2001 Wakanada, wakiongozwa na Pamela Goodwin, walirudia kwa wanawake 235 na muda wa kuishi haukutofautiana. Spiegel naye alirudia, akatoa majibu 2007, na kwa jumla ya washiriki hakuona tena maisha kurefuka.

Sasa msikilize dada wa #1 vizuri. Hajasema kikundi kimemrefushia maisha. Kasema analala. Na Wakanada hilo waliliona: waliokuwa kikundini walipungukiwa na huzuni na walisikia maumivu kidogo zaidi, hasa wale walioingia wakiwa na majonzi na msongo mkubwa wa mawazo. Mtu akipunguziwa maumivu amefanyiwa jambo kubwa, hata kama kalenda haikusogea.

#6 Kaka_Sayansi
Asante kwa takwimu, daktari. Ila mimi bado naona 1989 ipo kitu. Miaka ile dawa zilikuwa chache, pengine kikundi kilifanya kazi ambayo siku hizi inafanywa na dawa.

#7 Tabibu_Mstaafu
Wapo wataalamu waliolisema hilo hilo unalolisema. Kuna na wanaosema kundi la 1989 lilikuwa dogo, bahati tu ikaangukia upande mmoja. Sikatai wala sikubali.

#8 Nesi_Kanda_ya_Ziwa
Mimi nipo wodini, nieleze ninachokiona.

Mwenye kikundi anamaliza matibabu. Basi. Nguvu ya moyo ipo, ila kinachonigusa mimi ni mahudhurio. Wengi hufika kwetu uvimbe umeshakuwa mkubwa, hatua ya tatu au ya nne. Anaanza dripu, ya kwanza inamtapisha, nywele zinatoka, nauli inakata, jirani anamwambia amerogwa na mke mwenza. Harudi tena. Ukimpigia simu haipatikani. Lakini mwenye kikundi akikosa siku moja, simu tano zinaita, mtu anatumwa nyumbani kwake, mchango wa nauli unapitishwa kwenye simu, kesho yake yupo kwenye benchi letu.

Shirika la Afya Duniani linataka wagonjwa zaidi ya 60 katika kila 100 wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60, na zaidi ya 80 katika kila 100 wamalize tiba. Hilo la tatu, kwa mazingira yetu, sioni serikali peke yake ikilifikia bila kina mama wa aina ya huyu wa Mtwara.

#9 Baba_Junior_Kibaha
Mimi ni mume wa mgonjwa. Uzi huu umenichoma kidogo, nitasema ukweli.

Mke wangu alikuwa akitoka kikundini anacheka. Akifika kwangu anakuwa bubu. Nilijiuliza sana nimemkosea nini. Hospitali nampeleka mimi, kutapika namshikia beseni mimi, halafu yanayomsumbua anakwenda kuwaambia watu aliofahamiana nao mwezi jana. MamaWawili, nisaidie, mumeo ulikuwa unamficha nini?

#10 MamaWawili_Tabata
Shemeji, sikumficha kwa kutompenda. Nikimwambia mume wangu "leo nimeota nimekufa", hali chakula siku nzima. Nikimwambia yule mama wa Mtwara, anasema "mimi niliota mara mbili, tena walinizika bila sanda", tunacheka, tunaendelea na chai. Maneno yangu kwa mume wangu yana uzito unaomwangusha, na mimi namhitaji asimame.

Hilo beseni unalolishika hakuna mwanakikundi anayeweza kulishika saa nane usiku. Usijipime na sisi.

#11 Baba_Junior_Kibaha
Nimekuelewa. Asante.

#12 Fundi_Rehema_Temeke
Shemeji Baba Junior kama machozi yanakutoka futa taratibu, tunakuona 😀

#13 Mtakwimu_Mdogo
Naleta hoja nyingine, msinipige mawe. Mnajuaje kikundi ndicho kinachotia nguvu? Labda wenye nguvu ndio wanaokuja kikundini. Ili ufike Jumamosi unahitaji nauli, miguu inayotembea, na mume asiyekuzuia. Aliyelala kitandani huko kijijini, aliyekosa hata simu, hayupo kwenye picha ya pamoja. Tunawahesabu waliofika halafu tunasema kufika ndiko kulikowaponya.

#14 Nesi_Kanda_ya_Ziwa
@Mtakwimu_Mdogo hoja nzuri, hata mimi huniumiza kichwa. Lakini hao wa simu tano niliowasema huwafuata hata wasioweza kuja. Kikundi ni zaidi ya mkutano.

#15 Mama_Genge_Mbagala
Mimi nitakuwa tofauti na wote. Nilikuwa kikundini, nikatoka.

Tulikuwa tunazikana. Leo mmekaa mnashonea shanga, mwezi ujao mnachanga sanda. Rafiki yangu tuliyeanza naye dripu wiki moja, hatua ileile, dawa zilezile, ugonjwa ukaingia kwenye mapafu. Nilikaa naye mpaka mwisho. Baada ya hapo kila nikisikia kikohozi changu naisikia sauti yake. Nikaona hapana.

Nguvu yangu naipata gengeni. Saa kumi na moja alfajiri nipo sokoni nagombania nyanya na wanaume. Pale hakuna anayejua nina titi moja. Mteja akinipunja namfokea. Nikiwa pale mimi ni muuzaji, si mgonjwa. Kikundi kwangu kilikuwa kila wiki kinanikumbusha jina la ugonjwa.

Simkatishi mtu tamaa. Nasema wapo watu wa aina yangu, msituone wagumu wa moyo.

#16 MamaWawili_Tabata
Mama Genge, hakuna anayekuona mgumu. Tumezika na sisi. Mwaka jana nilikosa kwenda kwa muda baada ya msiba, wakaniacha nipumue, hakuna aliyenisuta.

#17 Mzee_Mwenyewe_Dodoma
Naomba na mimi niseme, nipo kwenye kundi la wachache. Ni mwanaume, nina saratani ya titi.

Nilidhani ni jipu chini ya chuchu. Nikapaka dawa ya kienyeji, chuchu ikaingia ndani, ikaanza kutoa majimaji. Kliniki nikifika naambiwa "baba subiri nje, mwite mama aingie". Nilikuwa natoka jasho la aibu. Katika kila wagonjwa 100 wa ugonjwa huu, mwanaume hazidi mmoja, kwa hiyo kumpata mwenzangu wa kuongea naye ilikuwa kazi.

Kina mama walinipokea. Siku ya kwanza walikaa kimya, ya pili wakanipa jina la Shemeji wa Wote. Mimi nasema nguvu inatokana na kutokuona aibu. Maumivu nilikuwa nayavumilia, aibu ndiyo iliyokuwa inaniua.

#18 Bi_Mkubwa_wa_Pangani
Mwanangu #17 umenena yaleyale niliyoyasema #4.

#19 Mnairobi_Halisi
Hamjambo ndugu zetu. Huku Nairobi naona ni pesa, tusizungukezunguke. Kikundi chetu tulikigeuza chama. Kila mwezi tunachanga, mwanachama akiitwa kwa mionzi anapewa nauli ya matatu na pesa ya chakula. Kuna wakati nilikuwa nimepewa tarehe na sina hata mia. Ningekaa nyumbani niite hiyo "mapenzi ya Mungu". Mkiuliza nguvu inatoka wapi, tazameni daftari la mweka hazina.

#20 Mpita_Njia
Na sisi vikoba 👏🏾

#21 Tiba_Asili_Mkombozi
Mnateseka bure na sumu za dripu. Majani ya mstafeli, chemsha, kunywa kutwa mara tatu. Yanaua seli za saratani kuliko kemo. Nipigieni.

#22 Nesi_Kanda_ya_Ziwa
Ndugu, mstafeli umejaribiwa kwenye seli za maabara. Kwenye chombo cha maabara hata sabuni inaua seli za saratani. Kwa wagonjwa hakuna utafiti ulioonyesha unaponya. Na kule visiwa vya Guadeloupe, kwenye Karibi, madaktari waliona wanywaji wa chai ya majani hayo na walaji wa tunda kwa wingi wakipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa. Tunda moja moja halina neno. Kuacha dripu ukanywe majani, hapo ndipo tunapozika.

#23 Mama_Genge_Mbagala
Na haya majani mimi niliyasikia wapi? Kikundini hukohuko. Mmoja alikuwa anauza. Wenzetu wawili walisimamisha dozi. Wanaosifia vikundi waseme na hili, watu walioogopa pamoja wanaweza pia kupotea pamoja.

#24 Tabibu_Mstaafu
Mama Genge kasema jambo zito. Watu wa umri wangu tunakumbuka foleni za Loliondo 2011, magari yalipangana kilomita na kilomita kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Watu waliacha na dawa za VVU. Kikundi kizuri kiwe na nesi au daktari anayepita hata mara moja kwa mwezi.

#25 MamaWawili_Tabata
Sisi tuna kanuni, anayeuza dawa haingii. Hata awe dada wa mwenyekiti.

#26 Msomaji_wa_Zamani
Niongeze historia kidogo. Mwanamke wa New York, Terese Lasser, alikatwa titi 1952, wakati ambapo daktari alikukata na kukuruhusu bila maelezo yoyote. Akaanza kwenda wodini kuwatembelea waliofanyiwa upasuaji kama wake. Alikuwa anawapelekea titi la muda la kuvaa, mpira mdogo na kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono. Madaktari wengine hawakumpenda hata kidogo. Kazi yake ikaitwa Reach to Recovery, na 1969 ikachukuliwa na Chama cha Saratani cha Marekani. Kwa hiyo mama wa Mtwara na blauzi yake yupo kwenye safari ndefu.

#27 Fundi_Rehema_Temeke
Mmegusa titi la kuvaa, hapo ndipo kwangu. Mimi ni fundi cherehani na dada yangu alikatwa. Ya silikoni yalitushinda bei. Wengi wanajaza soksi au pamba, na ni nyepesi mno, sidiria inapanda juu, bega moja linakwenda juu lingine chini, mgongo unauma.

Kata pamba laini ya shuka zilizochakaa, mfuko wa umbo la chozi, tabaka mbili. Ndani weka mtama au uwele uliopepetwa ukakauka vizuri. Uzito uupate kwa titi lililobaki: jaza beseni maji mpaka ukingoni, zamisha titi, maji yaliyomwagika yapime, grami ni zilezile. Kisha shonea mfuko kwa ndani ya sidiria usichomoke ukiinama. Nafaka ubadilishe mara kwa mara kwa sababu ya jasho.

#28 MamaWawili_Tabata
Da Rehema hii ya beseni sikuijua! Mimi nilikuwa nakadiria kwa mkono. Jumamosi naipeleka.

#29 Mwanamke_wa_Maskati
Assalaam alaykum. Mamangu yuko Unguja, alivuka kwa boti kwenda Ocean Road kwa mionzi. Kovu likishapona, mfuko huo unaweza kuvaliwa mara moja au usubiriwe? Na mkono wake wa upande wa titi lililokatwa unavimba, tumemkataza kabisa kubeba kitu. Kikundi chake kimemwambia hata kikapu asishike maisha yake yote.

#30 Tabibu_Mstaafu
Wa alaykumu salaam bibie. Ngozi ikafunga kabisa na daktari akaridhika ndipo avae chenye uzito. Kabla ya hapo pamba nyepesi inatosha.

Ama kubeba, tuliwafundisha hivyo miaka mingi. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa Kathryn Schmitz, Marekani: wanawake wenye mkono uliovimba walinyanyua vyuma kidogo kidogo, wakiongezewa taratibu chini ya uangalizi. Mikono haikuvimba zaidi, na vipindi vya kuzidiwa vilipungua. Mkono usiotumika unadhoofu. Aanze na kidogo, avae soksi ya mkono, ile ya kubana uvimbe, akiwa nayo, alinde ngozi na majeraha na moto. Ukiwa mwekundu na wa moto aende hospitali siku hiyohiyo.

#31 Mama_Genge_Mbagala
Kumbe! Na mimi nimebeba matenga miaka yote hii naambiwa najiua.

#32 Dada_wa_Iringa_94
Jamani mimi ni yule anayesoma bila kuandika. Nina miaka 31. Jumatatu naanza dripu, wameniambia ni ile nyekundu. Naogopa sana. Ni kweli inachoma? Na mbona wengine mnameza tamoksifeni, kwangu hawakuitaja?

#33 Nesi_Kanda_ya_Ziwa
Pole mdogo wangu. Tamoksifeni ni kwa uvimbe wenye vipokezi vya homoni, yaani unaokuzwa na homoni za mwili, jibu lipo kwenye karatasi ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Muulize daktari wako akuonyeshe mstari huo.

Dawa nyekundu haitakiwi kuchoma. Ukihisi kuchoma au kuvimba pale sindano ilipoingia, piga kelele hapohapo, usimwonee nesi haya. Mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, ni rangi ya dawa, si damu. Nunua kipimajoto duka la dawa kabla ya Jumatatu. Kikisoma 38 au zaidi, iwe mchana iwe usiku wa manane, nenda hospitali, usimeze panadoli ukalala.

#34 Mama_Genge_Mbagala
Siku hiyo kula kidogo kabla, uji mwepesi. Nywele zikianza kung'oka nyoa mwenyewe, usisubiri zikuanguke kwenye sahani. Na mdomo sukutua maji ya chumvi kila ukila.

#35 Mzee_Mwenyewe_Dodoma
Vaa nguo ya mikono mipana, wakikutafuta mshipa usipate taabu. Shemeji wa Wote anakuombea.

#36 MamaWawili_Tabata
Mdogo wangu, unakwenda na nani Jumatatu?

#37 Dada_wa_Iringa_94
Peke yangu. Sijamwambia mtu nyumbani.

#38 MamaWawili_Tabata
Nimekutumia namba inboksi. Tuna mwenzetu yuko Iringa mjini, alishamaliza dripu zake, nimeshaongea naye sasa hivi. Anauliza umeambiwa ufike saa ngapi.

#39 Dada_wa_Iringa_94
Saa mbili asubuhi.

#40 MamaWawili_Tabata
Atakukuta getini saa moja na nusu, amefunga kilemba cha njano. Anasema uje na karatasi zako zote za vipimo na chupa ya maji.